Kuchagua mtaala wa hisabati wa nyumbani: anza na kiongozi cha mwalimu

Aliyeniandikia ni mama anayesomesha watoto wake wawili nyumbani, binti wa miaka tisa na mvulana wa miaka sita. Katika miaka miwili amepitia mitaala mitatu ya hisabati: wa kwanza alipendekezewa na rafiki, wa pili aliuchagua kwa sababu vitabu vyake vina picha nzuri, na wa tatu ni programu ya kompyuta ambayo mtoto huifuata peke yake. Binti hujumlisha na kutoa bila shida kubwa, lakini kugawanya na sehemu (namba kama nusu na robo tatu) humliza. Mama anakiri kwamba yeye mwenyewe aliiogopa hisabati tangu shuleni. Anauliza mambo matatu: ni mtaala upi ulio bora kuliko yote, je, achague unaorudia mada mara kwa mara au unaokaa kwenye mada moja mpaka iishe, na je, programu ya kompyuta inaweza kushika nafasi yake kabisa?

Mama mpendwa,

Mtaala ulio bora kuliko yote sina wa kukutajia, lakini naweza kukueleza namna ya kuutambua ulio bora kwako, na neno hilo la mwisho nimelichagua kwa makusudi. Wazazi wengi huchagua mtaala kwa kumfikiria mtoto peke yake: anapenda rangi, anachoka upesi, ana kipaji au hana. Hayo yana uzito wake. Hata hivyo, katika darasa la nyumbani mtu wa kwanza kufundishwa na mtaala ni mzazi, kwa kuwa ndiye atakayesimama kati ya ukurasa na mtoto pale ukurasa unapokataa kueleweka. Kwa sababu hiyo ushauri wangu mkuu ni kwamba kabla hujafungua kitabu cha mwanafunzi, ufungue kiongozi cha mwalimu, yaani kitabu kinachomwelekeza anayefundisha, na ujiulize kama kimekufanya wewe uelewe jambo ambalo hukuwahi kulielewa. Kama hakipo, au kama kipo lakini ni orodha ya majibu tu, huo si mtaala wa mzazi aliyeiogopa hisabati, hata kama vitabu vyake vinasifiwa kila mahali.

Ushauri huu una msingi. Mwaka 1999 Liping Ma alichapisha utafiti uliolinganisha majibu ya walimu 23 wa shule za msingi wa Marekani na walimu 72 wa China. Swali mojawapo lilikuwa kugawanya 1¾ kwa ½, kisha kutunga hadithi fupi inayolingana na hesabu hiyo. Walimu wote wa China walipata jibu, ambalo ni 3½. Kwa upande wa Marekani ni walimu 9 tu waliolifikia. Kwenye hadithi tofauti ilikuwa kubwa zaidi, kwani walimu 65 wa China walitunga hadithi sahihi na kwa Marekani alifaulu mmoja peke yake. Wengi wa waliokosea walitunga hadithi ya kitu kilichogawiwa watu wawili, yaani waligawanya kwa 2 huku wakidhani wanagawanya kwa nusu. Linalonigusa zaidi katika utafiti huo ni kwamba walimu wa China walikuwa wamesoma miaka michache kuliko wenzao wa Marekani. Walichowazidi ni kuielewa kwa kina hisabati ileile ya msingi, uelewa walioujenga kazini kwa kuvichunguza vitabu na viongozi vyao na kuvijadili wao kwa wao. Mzazi hana wa kujadiliana naye katika chumba cha walimu, na ndiyo maana kiongozi chake kinapaswa kuwa kizuri maradufu.

Ninaamini swali hilohilo la kugawanya kwa nusu lingewatatiza wengi wetu pia, na lugha yetu inaongeza mtego wake. Ukimwambia mtoto „gawa kwa nusu“, sikio lake husikia „gawa nusu kwa nusu“, na papo hapo anagawanya kwa mbili. Kiongozi kizuri humwonyesha mzazi namna ya kuuliza kwa njia nyingine: nina utepe wa mita moja na robo tatu, na kila pambo linahitaji nusu mita, je, nusu mita zimo ngapi ndani ya utepe huu? Mtoto akishakata vipande vitatu na kubaki na robo, ambayo ni nusu ya kipande kinachohitajika, jibu la tatu na nusu linakuwa kitu alichokishika kwa mikono. Kanuni ya kugeuza sehemu ya pili na kuzidisha inaweza kuja baadaye, ikiwa njia ya mkato kwa mtu anayeijua njia ndefu.

Sasa utaupimaje mtaala bila kusoma vitabu vyake vyote? Mimi hufungua mahali patatu, na kwa kawaida nusu saa hunitosha.

Mahali pa kwanza ni somo la kutoa kwa kukopa, tuseme 52 kutoa 27. Vitabu dhaifu humwambia mtoto akope moja kwa jirani, aandike 12 na aendelee. (Neno lenyewe „kukopa“ lina walakini: ni mkopo usiolipwa kamwe, na nimewahi kuulizwa na mtoto makini kabisa ni lini tutaurudisha.) Kitabu kizuri humwonyesha kwamba 52 ni makumi matano na mamoja mawili, kwamba kumi moja linaweza kufunguliwa likawa mamoja kumi, na kwamba tukishalifungua bado tuna 52 ileile, ila sasa imekaa kama 40 na 12. Kisha tazama kama kiongozi kinakutayarisha kwa kosa ambalo karibu kila mtoto hulifanya, yaani kuandika 35 kwa sababu amechukua tarakimu ndogo akaitoa kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu. Kiongozi kinachotaja makosa ya watoto kabla hayajatokea, na kukueleza kila kosa linamaanisha nini, kimeandikwa na mtu aliyewahi kukaa na watoto.

Mahali pa pili ni alama ya sawasawa. Hapa hata sihitaji somo maalumu. Ninapekua mazoezi ya miaka ya mwanzo kuona kama alama hiyo daima imekaa mwisho wa mstari. Mpe binti yako hesabu hii: 8 + 4 = ☐ + 5. Watoto wengi sana, wakiwamo wanaopata alama zote kwenye mazoezi ya kawaida, huandika 12, na wengine huandika 17. Kwao alama ile haisemi kwamba pande mbili zina thamani moja, ni amri ya „andika jibu hapa“. Mtoto mwenye kosa hili anaweza kupita miaka mitano bila kugunduliwa, kisha akafika kwenye aljebra na kila kitu kikamvunjikia mikononi, kwa kuwa aljebra yote imejengwa juu ya usawa wa pande mbili. Mtaala unaoandika mara 7 = 3 + 4, mara 9 + 1 = 6 + 4, na unaouliza kama usemi fulani ni kweli au si kweli, umeikinga hatari hiyo mapema kwa gharama ya mistari michache tu.

Mahali pa tatu ni kugawanya kwa sehemu, nilikokwisha kueleza. Kama mtaala ni wa madarasa ya chini na mada hiyo haimo, tazama jinsi unavyoianza sehemu yenyewe. Vitabu vingi huonyesha mkate wa duara uliokatwa vipande na kuishia hapo. Picha ya mkate inafaa kuanzia, lakini mtoto asiyewahi kuiona robo tatu ikiwa na mahali pake kwenye mstari wa namba, kati ya nusu na moja, hatakubali kwamba sehemu ni namba. Ataiona kuwa ni namba mbili zilizobebana. Ndiye yule anayejibu kwamba robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3.

Nikija kwenye swali lako la pili, ubishi kati ya mitaala inayozunguka na ile inayokaa kwenye mada moja ni mkubwa kuliko unavyostahili. Mfano unaojulikana wa ile ya kwanza ni Saxon, ulioanzishwa nchini Marekani na John Saxon: kila somo huongeza kipande kidogo cha jambo jipya, na zoezi la kila siku huchanganya mambo ya zamani. Mfano wa ile ya pili ni mitaala iliyotokana na vitabu vya Singapore vya miaka ya 1980, ambavyo vilitafutwa sana nje ya nchi hiyo baada ya wanafunzi wake kushika nafasi ya kwanza katika upimaji wa kimataifa wa TIMSS wa mwaka 1995. Huko mada hukaa kwa majuma kadhaa, ikianzia kwenye vitu, ikapita kwenye michoro ya vipande vya mstatili, ndipo ikafika kwenye tarakimu. Kila upande una hoja. Kukaa kwenye mada moja humpa mtoto nafasi ya kuelewa, na kuirudia humzuia asisahau, na mtoto wako anayahitaji yote mawili.

Kuhusu kurudia kuna jambo ambalo wazazi wachache hulijua na ambalo lingewaepusha na uamuzi mwingi mbaya. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor walichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa chuo kikuu walijifunza kutafuta ujazo wa maumbo ya aina nne. Kundi moja lilifanya maswali ya aina moja mfululizo kabla ya kwenda kwenye nyingine, na kundi la pili lilifanya maswali yaleyale yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60, na mtazamaji yeyote angesema kundi la kwanza linajifunza vizuri zaidi. Baada ya juma moja walipimwa tena: la kwanza lilipata asilimia 20, la pili 63. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu anayefanya maswali ishirini ya kugawanya chini ya kichwa cha habari kisemacho „Kugawanya“ hahitaji kuamua chochote, ilhali kuamua ni njia gani inafaa ndiyo nusu ya hisabati. Kwa hiyo usiupende mtaala kwa sababu tu kila ukurasa wa binti yako unarudi na alama za vema. Fungua ukurasa wa majuma manne baada ya mada fulani kufundishwa, uone kama mada hiyo bado inaulizwa.

Kwa mzazi aliye peke yake mimi huelekea kupendekeza uti wa mgongo uwe mtaala unaokaa kwenye mada moja, kwa sababu ni rahisi zaidi kwa mzazi kujua mtoto yuko wapi na anakwama wapi, kisha mazoezi ya mchanganyiko yaongezwe kwa mkono. Daftari la kawaida linatosha. Kila asubuhi, kabla ya somo jipya, mwandikie maswali matano: mawili ya juma lililopita, mawili ya mwezi uliopita, moja la muda mrefu zaidi, yasipangwe kwa mada. Dakika kumi zimekwisha. Mtaala uliokosa marudio unatibika kwa daftari la namna hiyo, lakini uliokosa maelezo huwezi kuutibu wewe ambaye maelezo hayo ndiyo unayoyahitaji.

Kuhusu binti yako, kabla ya kuamua anunuliwe kitabu cha darasa gani, usitazame umri wake. Karibu kila mtaala unaojiheshimu una mtihani wa kumpanga mtoto, na kama hauna, chukua mitihani ya mwisho wa mwaka ya vitabu vyake, uanze na kilicho miaka miwili chini ya anapodhaniwa kuwa, kisha upande. Mpe bila saa ya kumkimbiza na bila msaada, na usimame pale anapoanza kukosa zaidi ya swali moja kati ya matano. Hapo ndipo pa kuanzia, hata kama jalada limeandikwa darasa la chini kuliko lake. Jalada linaweza kufunikwa kwa karatasi, na sioni aibu kulifunika, kwa maana mtoto wa miaka tisa hutazama namba iliyo kwenye jalada kabla ya kitu kingine chochote.

Ulichokieleza kinanifanya nidhani kwamba machozi ya kwenye kugawanya hayakuanzia kwenye kugawanya. Mwulize 7 mara 8 ukiwa umeketi naye kwa utulivu. Akihesabu kwa vidole au akijumlisha saba mara nane, basi kila hesabu ya kugawanya inamtaka afanye kazi mbili kwa wakati mmoja, na ile ya kwanza peke yake inammaliza. Jedwali la kuzidisha lazima likae kichwani, na hapa sikubaliani na wale wanaosema kwamba kukariri ni adui wa kuelewa. Ila lipunguzwe kwanza kwa akili. Kutoka 1 hadi 10 jedwali lina visanduku 100. Mtoto akishaona kwamba 3 mara 7 ni sawa na 7 mara 3, yanabaki mambo 55. Ukiondoa ya moja, ya mbili, ya tano na ya kumi, ambayo karibu kila mtoto anayajua, yanabaki 21. Ya tisa yanapatikana kwa kuzidisha na kumi kisha kupunguza mara moja, na ya nne ni kuzidisha na mbili mara mbili. Ukiyaondoa hayo, yanabaki mambo kumi tu: 3 mara 3, 6, 7 na 8. 6 mara 6, 7 na 8. 7 mara 7 na 8. Na 8 mara 8. Mambo kumi, moja kila baada ya siku mbili au tatu, hayazidi mwezi mmoja. Mtaala usioonyesha njia kama hii na badala yake unampa mtoto jedwali zima alikariri toka juu hadi chini umemwongezea mzigo bila sababu.

Kuhusu sehemu, usiharakishe hata kidogo. Mwaka 2012 Robert Siegler na wenzake walitumia takwimu za watoto wa Marekani na wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka, wakaonyesha kwamba uelewa wa sehemu na wa kugawanya katika umri wa miaka kumi hivi ulitabiri mafanikio ya mtoto katika aljebra na hisabati ya sekondari, hata baada ya kuzingatia akili ya jumla ya mtoto na kipato na elimu ya wazazi wake. Katika mtaala mzima wa shule ya msingi sijui mada nyingine inayostahili muda mwingi zaidi ya hii. Kama mtaala umeipa majuma matatu, wewe ipe manane, na usijali kwamba ratiba imevurugika. Uhuru wa kuivuruga ratiba ndio faida kubwa ya kusomesha nyumbani, na ni ajabu kuona wazazi wanaoukataa uhuru huo ili wamalize kitabu mwezi uleule ambao shule zinamaliza.

Mvulana wa miaka sita ni kesi nyepesi. Anachohitaji ni vitu vya kushika, na mtaala wake unapaswa kuvidai katika kila somo. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza mwaka 1966 kwamba mtu huliingiza jambo akilini kwa kutenda, kisha kwa picha, kisha kwa alama, na mitaala mingi ya leo imejengwa juu ya mpangilio huo hata pale isipomtaja. Vihesabio vya kununua si lazima: vijiti vinavyoweza kufungwa makumi makumi kwa uzi hufundisha thamani ya nafasi vizuri kuliko picha yoyote ya rangi, kwa sababu fungu linaweza kufunguliwa likarudi kuwa vijiti kumi, na siku atakapofika kwenye 52 kutoa 27 mikono yake itakuwa inajua tayari. Dakika ishirini kwa siku zinamtosha.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi tunaohesabu kwa Kiswahili. Lugha yetu inatupa zawadi kuanzia 11 hadi 19, kwa kuwa kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu hujieleza zenyewe, ilhali majina ya Kiingereza ya 11 na 12 hayamwambii mtoto chochote kuhusu kumi. Kama mtaala uliouchagua umeandikwa kwa Kiingereza, fundisha kuhesabu kwa Kiswahili kwanza, ndipo uhamie kitabuni. Zawadi hiyo inaishia kwenye kumi na tisa. Ishirini haionyeshi mbili wala kumi. Thelathini haifanani na tatu, hamsini haifanani na tano, na themanini haifanani na nane, kwani majina hayo yametoka Kiarabu, na ni sitini, sabini na tisini tu ambazo ndugu zao sita, saba na tisa nao wametoka hukohuko. Dawa yake ni ndogo: kwa miezi ya mwanzo mwache aseme „makumi matatu na nne“ pamoja na „thelathini na nne“, mpaka majina yote mawili yawe kitu kimoja kwake. Hakuna mtaala wa kigeni utakaokukumbusha hili, kwa hiyo liandike wewe kwa kalamu pembezoni mwa kiongozi chako.

Swali la tatu lilihusu programu. Kwa mtoto wa miaka sita jibu langu ni hapana. Kwa binti wa miaka tisa programu ni mazoezi mazuri na mwalimu dhaifu. Kasoro yake kubwa ni kwamba huona jibu bila kuona njia. Mtoto aliyeandika 35 kwa 52 kutoa 27 ataambiwa amekosea na ajaribu tena. Atajaribu 25 kwa kubahatisha, atapewa nyota, na hakuna atakayejua kwamba bado hajui kumi linafunguliwaje. Watoto hujifunza haraka kumjua mpimaji wao, na nimeona wenye ustadi mkubwa wa kubahatisha wakivuka ngazi nyingi kabla mzazi hajashtuka. Hata hivyo, mtu mmoja katika nyumba yako angefaidika sana na masomo ya aina hii, naye ni wewe. Khan Academy, tovuti ya masomo iliyoanzishwa na Salman Khan mwaka 2008, hutoa masomo na mazoezi yake bure, na mzazi anayefuata hapo somo la kesho jioni ya leo, kisha akafanya mazoezi yote mwenyewe kwa kalamu, huingia darasani akiwa mtu mwingine.

Ninasisitiza hilo kwa sababu ya hofu uliyoikiri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 juu ya watoto wa darasa la kwanza na la pili nchini Marekani ulionyesha kwamba watoto wa wazazi wanaoiogopa hisabati walijifunza hisabati kidogo zaidi mwaka ule, na kuingia hofu zaidi wao wenyewe, pale wazazi hao walipokuwa wakiwasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani. Wazazi waliokuwa na hofu lakini wakisaidia kwa nadra hawakuleta madhara hayo. Usilisome hilo kama hukumu, kwa sababu wazazi wale walisaidia bila mwongozo wala maandalizi, na wewe unakusudia kuwa na vyote viwili. Chagua kiongozi kinachokuandikia hata maneno ya kumwambia mtoto, uyatumie jinsi yalivyo kwa muda wote utakaouhitaji bila kuona haya. Na sentensi moja iondoke kabisa katika nyumba yako: „Hata mimi sikuiweza.“ Tunaisema kwa huruma, lakini mtoto huipokea kama ruhusa.

Limebaki suala la kubadilisha mitaala, ambalo hukuliuliza lakini limo katika kila mstari wa barua yako. Kila mtaala una mpangilio wake. Mmoja huanza sehemu kabla ya kugawanya kwa njia ndefu, mwingine hufanya kinyume chake, na mtoto anayehama katikati anaweza kukuta kila kitabu kikimchukulia kwamba amekwisha kufundishwa na kile kingine. Sitashangaa ukigundua kwamba kugawanya na sehemu, yaani mada zilezile zinazomliza binti yako, zilidondoka katika nyufa hizo. Badilisha kama umesoma kiongozi kwa uaminifu kwa miezi miwili na bado wewe huelewi, au kama mtoto aliyepangwa mahali panapomstahili bado hutumia zaidi ya saa moja kila siku na hasongi mbele. Usibadilishe kwa sababu mtoto amesema kitabu kinachosha, wala kwa sababu mzazi mwenzako amepata kingine kizuri zaidi. Na kama wanao watarudi shuleni au watafanya mtihani wa taifa siku moja, tafuta muhtasari rasmi wa masomo, uuweke pembeni, na mara moja kila muhula uwekee alama mada mlizozimaliza. Hiyo ndiyo kazi pekee ya muhtasari nyumbani.

Kwa hiyo, mama, usinunue chochote kwa sasa. Toa mitaala yote mitatu kabatini na uifungue mahali patatu nilipokutajia. Ukikuta mmoja ambao kiongozi chake kimekueleza vizuri kwa nini 52 ni sawa na 40 na 12, na kwa nini utepe ule ulitoa mapambo matatu na nusu, rudi kwenye huo, hata kama ndio uliouacha miaka miwili iliyopita, na umpe binti yako mtihani wa kumpanga Jumatatu. Programu ibaki kwa ajili ya yale mambo kumi ya jedwali na kwa ajili ya jioni zako. Kile chenye picha nzuri mpe mdogo wake aangalie baada ya kufunga vijiti vyake.